Gundi Yangu na Kiboko wa Aoko

Jumatatu, 9 Juni 2025
Madam Debra, mwalimu wa nasari, ameniita. Mimi Ondiek! Nilidhani anataka nimshonee viatu. Soko zima la Kibuye linajua: soli nikiigandisha mimi, unatembea nayo ndani ya ziwa mpaka Uganda na soksi inabaki kavu.
Kumbe ni habari ya Aoko. Tangu tumzike mama yake, dada yangu Seline, kule Kombewa, huyu mtoto hajalia. Hasemi. Hapa kwangu anakojoa kitandani, na hakuwa hivyo.
Madam amenipa kitabu cha picha. Kiboko mdogo amefiwa na mama. Eti nikae na mtoto, nimuulize: huyu anajisikiaje? Na wewe je?
Nikamwambia, mimi niliwahi kumwimbia kiboko mzima pale ufukweni Dunga akalala fofofo. Huyu wa karatasi ndiye anishinde?
"Mzee, usiongeze chako," akasema. "Mwonyeshe picha tu."

Jumanne, 10 Juni
Tumesoma. Niliongeza changu kidogo — mamba watatu, na mimi nikiwachapa na kiatu. Hakucheka.
Tukafika pale kiboko mdogo amesimama kando ya kaburi, machozi mpaka kidevuni. Aoko akaweka kidole kwa yale machozi. Mdomo ukatetemeka. Akasema — neno la kwanza tangu mazishi! — "Anko, huyu..."
Nikafunga kitabu. Haraka! Nikampa mandazi. Mtoto wa Seline alie kwangu? Mtaa wote wa Migosi utasema namtesa.
Alipoenda kuoga nikatoa gundi ya soli. Nikabandika zile kurasa mbili, juu nikaweka jiwe. Kazi safi. Sasa mama kiboko anaugua, ukifungua ukurasa unaofuata, mtoto anacheza mpira.

Alhamisi, 12 Juni
Hasemi tena. Nimesoma, nimeruka, nimenguruma mpaka jirani Waswa akagonga ukuta: "Ondiek, unachinja nini huko?"
Aoko anapapasa tu ile karatasi nene.

Ijumaa, 13 Juni
Madam ameona zile kurasa. Hakunigombeza — afadhali angenigombeza.
"Alitaka kulia hapo, Mzee? Na ukafunga?"
Nikasema nilikuwa namkinga.
"Hicho kilio ndicho tulikuwa tunatafuta."
Hana kitabu kingine kama hicho. Nikamwambia aniachie, aliyebandika ndiye atabandua!
Jioni: mvuke wa sufuria. Kisu. Petroli kidogo. Kona moja imeachia, imetoka na mguu wa kiboko. Mke wangu Caren amesema, "Baba, acha, utammaliza huyo mnyama."

Jumapili, 15 Juni
Baada ya kanisa nikajaribu bila kitabu. Nikamketisha Aoko. "Mama yako..." nikaanza. Mimi, mdomo wa Kibuye! Nikajikuta nasema amepata kazi Uganda, anawapikia marubani, na ndege haziruki kabla hajaonja mchuzi.
Caren akaweka mwiko chini. Akanitazama.
Aoko hakunitazama. Alichukua kitabu, akaenda kukaa nyuma ya mlango. Hata sasa nikiandika namsikia. Anakwaruza zile kurasa kwa ukucha. Anapumzika. Anakwaruza tena. Nimemwambia aache, ataumia kidole. Haachi.
Gundi hiyo niliichanganya mwenyewe. Haijawahi kuachia —
Bado anakwaruza.