Jiwe la Mbele ya Goli

Kwa dada yangu Umazi, huko Kinango.

Nakusalimu sana, wewe na wote walio chini ya paa lako. Lambo bado lina maji, au mmebaki na tope la mbuzi? Mimi huku Ukunda ni mzima, meno yangu yote ninayo, na mzee wa rika langu mwenye meno yote sijamwona.

Barua hii anakuletea binti yako Mbeyu, na yeye ndiye atakayekusomea, kwa kuwa wewe na herufi hamkujuana. Nimeifunga kwa gundi nikamwambia asiifungue mpaka aketi mbele yako, wala asiruke neno. Umeshaona alivyoshuka garini na fimbo. Kwa simu nilikwambia ameumia kidogo mpirani. Si kidogo. Daktari amesema goti halitakunjika tena kama zamani. Kule hotelini alikokuwa akibeba mashuka ya kufua, wameshamweka mwingine.

Wanijua, Umazi. Nilidaka mpira Ramisi enzi zetu za kukata miwa, mpaka washambuliaji wakawa wanapiga nje makusudi wasiaibike. Ndiyo maana watu wa mtaa huu walinijia wenyewe wakanipa uwanja wa umma niutunze. Sikuomba. Kila Ijumaa nafagia, naokota chupa, nachora mistari kwa jivu, na mstari wangu hata seremala haukosoi. Hapo huchezea vijana, wasichana, hata wazee wenye vitambi, maana viwanja vingine vyote vimeota nyumba. Umebaki wangu na ule wa shule.

Mbeyu alikuwa akikimbilia goli, mpira mguuni, hakuna wa kumshika. Akaanguka. Nilisikia goti kabla hajalia. Siku ile alikuwa amevaa viatu vya kuazima, vimemzidi, na watu wote wakasema ni viatu. Yeye mwenyewe anasema hivyo mpaka leo. "Mjomba, nilijitakia mwenyewe." Nami nikamwacha aamini hivyo.

Msalimie shemeji, mwambie yule beberu wangu asimwuze. Msalimie mama mdogo mwenye mguu wa baridi, na mkaza mwana wako aliyejifungua majuzi, nimesikia mtoto ana kichwa kama changu, basi atakuwa na akili.

Hapo ningemaliza. Mbeyu, usikunje karatasi, geuza nyuma uendelee.

Masika yalipokwisha, jiwe la matumbawe lilichomoza mbele ya goli la upande wa barabara. Mwalimu wa timu ya wasichana, mama mmoja wa bara, aliliona.

"Mzee, hilo jiwe ni noma. Wacha tuhamie shule mpaka litolewe."

"Mimi nimedakia juu ya visiki vya miwa. Wewe waogopa jiwe?"

"Siogopi mimi, yanaogopa magoti."

"Nitaling'oa Ijumaa."

Ijumaa nilichimba kidogo, nikaona linakwenda chini kama jino la ngamia. Ningeita watu wanisaidie, lakini wangesema mzee amechoka. Na wakishahamia shule, nani angerudi kwangu? Nikalimwagia mchanga, nikashindilia kwa miguu, nikachora mistari yangu.

Jumamosi mwalimu akaniuliza, "Umeling'oa?"

"Wewe waliona?"

"Silioni."

"Basi chezeni."

Akacheka. "Huyu mzee ni mashine." Nami nilifurahi kuitwa hivyo.

Mbeyu alipobebwa, mchanga ulikuwa umetimuka na jiwe liko wazi. Nilisimama juu yake mpaka watu wote wakaondoka.

Nimeling'oa baadaye. Siku tatu, peke yangu, mikono ikachubuka. Kubwa kama mbuzi aliyelala. Lakini lingeweza kung'oka, Umazi. Siku zote lingeweza.

Mimi kuomba radhi sijui, hata marehemu baba alinichapa akashindwa. Waite wazee, wanipangie siku. Nitakuja nikae chini mbele yao na mbele ya mwanao, na watakalonitwika nitalibeba bila kujibu. Reki ya uwanja nimemkabidhi yule mwalimu. Hakuipokea kwa mkono, akaniambia niiegemeze ukutani.

Mbeyu, usiweke karatasi chini. Msomee mamako mpaka mwisho. Viatu havikuwa na kosa, wala wewe.

Ni mimi kaka yako,
Mwero. Uwanja si wangu tena.