Siku Niliyoitwa Kupe

Mjukuu wangu Hamisi,

Marahaba, shikamoo yako imefika hapa Temeke. Bibi yako hajambo, ila miguu bado inamsumbua. Unaniuliza kama urudi kazini, maana wenzio huko Mwanza wanasema ngiri si ugonjwa wa kulalia.

Mie nilipasuliwa ngiri nikiwa kijana, enzi za Ujamaa. Daktari alinikataza kunyanyua mizigo kwa wiki sita. Wiki ya pili, mtaa wetu ukawa unajenga darasa kwa kujitolea, nami nimekaa pembeni nawatazama. Balozi wetu wa nyumba kumi, tena rafiki yangu, akapaza sauti mbele ya watu: "Umekuwa kupe siku hizi? Sie tufanye kazi, wewe unyonye?"

Watu wakacheka. Bibi yako akanishika mkono. "Waache waseme, mume wangu. Kaa." Nikamsukuma. Nikajitwika mfuko wa saruji, na kabla sijafika kwenye msingi nikasikia kitu kimeachia tumboni.

Nilipasuliwa tena, na kazi yangu ya kupakua mizigo bandarini ikaishia hapo. Balozi hakuja kunijulia hali hata siku moja. Darasa lilipofunguliwa alisoma majina ya waliojenga, langu halikuwamo.

Aliyeniogesha na kunibadilisha bandeji miezi yote ile ni yule niliyemsukuma, na mpaka leo sijamwomba radhi. Mkeo akikwambia kaa, kaa.

Babu yako, mzaa baba