Watu Wasio na Vivuli

Kaniha, Biharamulo

Mdogo wangu mpendwa Kwandu,

Marahaba kwa salamu ulizompa mjukuu wetu Anneth. Je, goti lako linakuruhusu sasa kufika shambani? Mihogo mmeshaivuna? Mimi pumzi imekuwa fupi. Kutoka kitandani hadi mlangoni nahema kama niliyepanda mlima. Usilie. Nimekula chumvi nyingi, na akili bado ni yangu.

Anneth amenieleza kuwa kamati ya kigango cha Nemba, ambayo wewe ni mwenyekiti wake, itakaa Jumapili kuamua kama ukuta wa nyuma ya altare ufunikwe kwa vigae. Anasema vijana wanataka kanisa ling'ae kama la mjini, nawe umewajibu kwamba atakayegusa picha za kaka yako aanze na wewe. Nilicheka mpaka nikakohoa. Ni wewe huyo huyo uliyesema, siku nilipozimaliza, kwamba Bikira Maria wangu amerefuka kama mtama uliokosa jua. Kisha ukapiga magoti, hukuinuka mpaka wanakwaya wote walipoondoka.

Watu hudhani uchoraji ule niliutoa chuo cha ualimu. Chuoni tulionyeshwa kitabu cha wachoraji wa kale wa Ulaya, nami niliwapenda kweli. Kwao nilijifunza kivuli, na namna kilicho mbali kinavyochorwa kidogo. Lakini kila nilipowaiga, watakatifu wangu walisimama kama wageni wanaosubiri kukaribishwa.

Mwaka nilioanza kufundisha nilikwenda Shinyanga kukiona kijiji tulikozaliwa. Mzee mmoja akanipeleka kwenye nyumba ya wayeye, wale wacheza nyoka. Ilikuwa imeachwa, paa limetoboka. Nikaingia. Kwandu, nilivua kofia bila kujua. Ukutani, kwa majivu, masizi na udongo mwekundu, walisimama watu warefu wasio na vivuli. Hapakuwa na mbali wala karibu. Aliyestahili heshima ndiye aliyekuwa mkubwa. Chatu mmoja aliuzunguka ukuta wote wa mviringo, na njia ya kidole cha mchoraji ilionekana bado, haikukatika popote. Nilikaa mle mpaka mwanga wa tundu la paa ukahamia ukuta wa pili. Nilipotoka nilijua malaika asimameje.

Ndiyo maana pale Nemba Yesu ni mrefu kuliko mlima, na mto wa uzima ni mstari mmoja tu.

Sasa lile nililokuficha. Nilimuuliza yule mzee nani aliyechora. Akanicheka, akasema ni ajabu kuulizwa hivyo na mtu mwenye pua ile ile. Aliyechora alikuwa baba yetu.

Najua aliumwa na nyoka wake akafa, wewe ukiwa tumboni. Najua mama alikulea ulichukie jina lake, na kila Novemba unapoandika marehemu wa ukoo kwa ajili ya misa, yeye humwandiki. Nilinyamaza nikihofia utaacha kusali mbele ya ukuta ule. Lakini sitaki nife huku ukiutetea kwa ajili yangu, bila kujua unatetea mkono wa nani. Ile nyumba ilishaanguka. Hakuna mahali pengine utakapomwona baba yako. Kabla ya kikao ingia peke yako, simama, umtazame. Ukiona bado afunikwe, afunikwe, sitakulaumu.

Nisalimie wote wa Nemba wanaonikumbuka, na Mungu akupe miguu ya kunifikia kabla sijatangulia.

Kaka yako akupendaye,
Malongo, mwana wa Ndassa