Mume Wangu Ameniweka Kwenye Programu

Mshauri mpendwa,

Nakusalimu kwa jina la Mungu aliyetujalia uzima, na naomba unishike mkono kabla sijafanya la kujutia. Mimi ni mama wa makamo, shule niliishia sekondari, kompyuta nimeijulia ofisini kwa mume wangu, ambaye yeye na mdogo wake wanaandika programu ya kupeleka maagizo ya dawa kutoka kwa daktari hadi dirisha la dawa hospitalini. Programu yenyewe imegawanywa vipande wanavyoviita klasi, na kila klasi ina jina la maneno yaliyobanana, kila neno likianza na herufi kubwa, kama KadiYaMgonjwa, sasa hospitali wao wanapokea faili za XML, zile ambazo kompyuta hutumiana habari, na huko wanataka herufi ndogo tupu na kistari katikati, kadi-ya-mgonjwa, na kazi yangu ndiyo hiyo, kuyageuza majina moja baada ya jingine, sharti likiwa nibadilishe vazi la jina tu, jina lenyewe nisiliguse, maana yakipishana programu haijitambui na dawa haitoki.

Kazi naipenda, naifanya huku namshukuru Mungu kimoyomoyo. Juzi nikafika kwenye klasi ya kukagua dozi, ile inayorudisha agizo lolote lenye kasoro, nikakuta inaitwa MkeWanguMkali. Nilivua miwani, nikaifuta, nikaivaa tena. Mdogo wa mume wangu alicheka mpaka akashika meza, "Shemeji, hicho ndicho kipande kisichopitisha ujinga! Na bado hujafika kwa bi mkubwa." Nikashuka chini, nikakuta klasi ya kutunza kumbukumbu, ile isiyopoteza kitu, inaitwa MamaYangu. Mama mkwe wangu huyo, mshauri! Yeye ndiye wa kutunza, mimi ndiye wa kukataa.

Nilipomuuliza mume wangu akasema, "Ah, huo ni utani wa mafundi, nani atauona?" Nikamwambia watauona hospitali, maana anayepokea hizo faili kule ni dada wa kikundi chetu cha maombi na macho yake hayakosi kitu, akasema jina limeshatajwa kila mahali, akiligusa ataharibu, na wiki ijayo hospitali inaanza kuitumia, kisha akageukia kompyuta yake. Sasa shetani ananinong'oneza niandike mkaguzi-wa-dozi kwenye faili kimyakimya, klasi ibaki na jina lake, siku ya kuanza programu ikwame mbele ya wakubwa na yeye aonje aibu. Nimeomba, moyo haujatulia. Nifanye hivyo, au lile jina niliandike kwa mkono wangu mwenyewe nilipeleke kwa watu? Nyumbani nako siku hizi haniiti chochote, anaingia anasema tu "chai ipo?"

Mimi,
Mke niliyegeuzwa klasi

MSHAURI ANAJIBU

Pole, mama. Umeumia na una haki ya kuumia. Sasa toa mkono kwenye hiyo faili.

Unataka kumwaibisha mumeo, lakini siku hiyo mumeo hatakuwa dirishani. Atakuwepo mama mwenye mtoto anayechemka homa, aambiwe asubiri, mfumo umegoma. Huyo amekukosea nini? Na usimsingizie shetani. Wazo hilo umelipika mwenyewe jikoni kwako.

Wala jina lile usilipeleke. Nimemuuliza fundi wa kompyuta wa hapa gazetini. Alicheka, nikamtazama, akanyamaza. Anasema wana amri ya kubadilisha jina la klasi kila linapotajwa, kwa mpigo mmoja, kisha wanaijaribu programu upya. Asubuhi moja inatosha. Kwa hiyo mumeo haogopi kuharibu, anaona uvivu. Mwambie mumeo, shemeji yako akiwepo, bila kulia na bila kufoka: klasi iitwe kwanza MkaguziWaDozi, ndipo wewe uandike mkaguzi-wa-dozi. Kabla ya hapo hupeleki kitu. Na MamaYangu naye atoke, iwe HifadhiYaKumbukumbu, usije ukajitoa wewe ukamwacha mama mkwe wako hospitalini. Na usiombe uwekewe MkeWanguMpenzi, nawajua nyie.

Huenda kwa akili yake ya kifundi alikuwa anakusifu. Amekupa kipande kinachozuia mtu asinyweshwe dawa ya kumuua, si kazi ndogo. Lakini sifa ambayo mwenyewe unaikuta kwa bahati, ukiwa unageuza herufi, haijakufikia.

Ndiyo maana nimerudi kwenye mstari wako wa mwisho, ule ulioutupia kana kwamba hauna uzito. Barua yako yote iko pale. Leo akiingia na hiyo "chai ipo?" yake, usijibu. Kaa na birika lako mbele yako. Akirudia, mwambie, "Unayemuuliza ana jina." Msubiri alitaje, kwa sauti, kwa mdomo wake.

Kisha mmiminie.