Msasa wa Tabaka

Baba Kemunto,

Nakuru mko salama? Na ule mguu wako unaouma kila ukitumwa? Huku Tabaka mvua inanyesha kila mchana, kwa hivyo tunachonga lile jiwe laini la huku chini ya mabati. Ulisema mwalimu aliyestaafu kama mimi akae afume vitambaa vya makochi. Mimi nimechagua kinyago.

Siku ya kwanza fundi Ombati alinipa karai la maji na msasa. "Mama, hapa wanaume huchonga, wanawake hung'arisha." Nikamwambia nimemng'arisha mwanamume mmoja tangu nilipoolewa na mpaka leo hajang'aa, anipe kisu. Wanawake waliokuwa wakisugua mawe waliangua kicheko. Kisu nikapewa.

Nilianza na ndovu. Mkonga ukakatika, nikasema basi awe kiboko. Masikio nayo yakang'oka. Sasa kimebaki kichwa chenye kipara, mdomo wazi. Fundi akauliza huyu ni nani. Nikamjibu ni mume wangu akiuliza chakula kiko wapi.

Nakupenda, mzee wangu. Kinyago nitakuletea, pamoja na ule msasa, uutumie wewe. Najua sufuria zote umeziloweka, zinanisubiri.

Mama Kemunto