Kopo la Vifungo

Mpendwa mshauri, naomba unisaidie kabla ya Jumamosi, maana baada ya hapo sitahitaji ushauri, nitahitaji pa kulala.

Mimi ni fundi cherehani, nashona chumba kimoja na mama yangu mzazi, meza zetu zinatazamana, na huu ni mwaka wa sita naishi na virusi vya UKIMWI, natumia dawa, afya yangu inawashinda wengi wanaonipa pole, na kikundi chetu cha waishio na virusi ndicho kilichoniinua nilipokuwa sijiwezi, kikanifundisha kusema mbele za watu, sasa wananiita Kipaza, nimesema viwandani, sokoni, hata kituo cha polisi, nawaambia watu msijifiche, waambieni wa nyumbani kwenu, wananipigia makofi, halafu narudi namwambia mama nilikwenda kununua uzi.

Mama hajui kitu. Dawa nazificha kwenye kopo la vifungo juu ya meza yangu, nani atashuku kopo la vifungo kwa fundi, na kila siku saa mbili asubuhi mama huniletea glasi ya maji, husema, "Kunywa mwanangu, vumbi la vitambaa hili linakausha koo," kisha hutoka kufagia mlangoni, hapo ndipo nameza haraka, Mungu mwema. Sasa umoja wa mafundi umekialika kikundi chetu Jumamosi hii, kwa sababu mshona mashati mmoja amefukuzwa karakana ilipojulikana ana virusi, na mwenyekiti wa umoja ni mama, barua kaiandika kwa mkono wake, kaomba aletwe huyo Kipaza. Nimefikiria kuumwa tumbo. Nisipokwenda, yule mshona mashati atakosa wa kumtetea, nikienda, mama atayasikia mbele za watu. Hata jana vifungo vyeupe vilimwishia akaenda dukani, kopo langu liko mbele ya macho yake, nikashukuru hakuliomba. Nifanyeje?

Kipaza

*

Kipaza, pole sana. Pole zimeishia hapo.

Barua yako nimeisoma mara mbili, ya pili nikiwa nimeshika kichwa. Wewe ni fundi, hebu nieleze: fundi gani huishiwa vifungo akaliacha kopo lililo hatua mbili, akafunga safari ya dukani? Na hilo vumbi lina saa? Huo mlango una uchafu gani usiokosa siku hata moja?

Sina hakika, mimi si mama yako. Lakini naona anajua, na amejua zamani, anangoja umwambie mwenyewe. Kuogopa si kosa, na siri ni yako, hakuna wa kukulazimisha kuitoa. Ila umewafundisha polisi, mama yako umemwachia ufagio!

Tumbo lisikuume. Kesho akileta maji, mwambie, "Mama, leo usifagie." Fungua kopo, meza mbele yake. Hotuba usitoe. Kama kweli hakujua, atashtuka, atalia, kaa naye. Mama anayempigania mshona mashati wa watu hatamfukuza mwanawe.

Jumamosi simama useme, na msiondoke na makofi tu, hakikisheni yule fundi anarudi kwenye cherehani yake.

Dawa zirudishe kwenye chupa yake. Kopo litie vifungo, mama ameshakwenda dukani vya kutosha.