Kulia kwa Nani?

Jumatatu, 3 Aprili
Wamewasili! Ndege wangu wahamaji, koo-njano wanane, wamechakaa kwa safari, lakini wanaimba vichakani utadhani hawajatoka popote. Miaka kumi iliyopita ningehesabu themanini. Wote wanane wana pete ya buluu mguu wa kushoto — ni wakubwa, nawajua. Makinda thelathini na mmoja niliowavisha mwaka jana, buluu mguu wa kulia: hata mmoja bado. Mkuu wa kituo chetu cha utafiti amenena kwa upole ule anaouweka kwa habari mbaya: asipoonekana kinda hata mmoja kufikia Jumapili, uchunguzi utafungwa, na vichaka vitafyekwa.

Alhamisi, 6 Aprili
Wanane. Walewale. Shangazi, ambaye dirisha la jiko lake linatazama vichaka, ananifariji kwa njia yake: nimewavisha pete wote hao, mwenyewe sijavishwa hata moja — huenda wamekimbia harusi. Nilicheka hadi chai ikanipalia.

Jumamosi, 8 Aprili
Simu ya shangazi, nikiwa na mswaki mdomoni. Ndege! Pete ya buluu! Mguu wa kulia!
Nilifika kwake na kandambili zisizofanana. Nikajikaza, nikauliza kitaalamu: kulia kwa nani, kwako au kwa ndege?
"Kwangu, we mtoto! Si mimi niliyekuwa naangalia?"
Moyo ukanishuka. Ndege akimwelekea, kulia kwa shangazi ni kushoto kwa ndege. Mkubwa, basi, mmoja wa wale wanane. Nikashukuru, nikaaga kama mfiwa mwenye adabu.
Nikiwa mlangoni, akalalamika kwamba ndege mwenyewe hana heshima: muda wote alimpa mgongo.
Mgongo! Shangazi! Basi kulia ni kulia!

Jumapili, 9 Aprili
Naandika nikiwa kwenye kigoda chini ya dirisha la jiko. Mkuu wa kituo hakubali ushahidi wa shangazi. Amekuja mwenyewe na darubini yake. Shangazi amemwamuru asipumue kwa nguvu. Wakubwa wote wanane wako juu ya waya. Ndani ya kichaka anaimba wa tisa — kwa kigugumizi, wimbo haujakamilika, kama wanavyoimba wa mwaka wa kwanza. Majani yanatikisika. Shangazi anauliza kutoka juu: niinjike sufuria ya harusi au bado?
Anatoka — mgongo kwanza, ahsante! — anatua tawini. Mguu wa kushoto: mtupu, hauna pete. Na ule wa kulia — ah, jamani! — ameukunja ndani ya manyoya. Mkuu wa kituo ameacha kupumua kabisa.